Kabla ya Kudai Tuta: Jinsi ya Kupanga Usalama na Kupunguza Foleni kwenye Barabara ya Mtaani Kwenu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mwanga haujakolea, watoto wawili wenye sare za shule wamesimama ukingoni mwa lami. Mkubwa, kwa makadirio yangu wa darasa la tano, amemshika mdogo wake kwenye kamba ya begi. Mbele yao daladala imesimama, konda anaita abiria, na bodaboda zinaipita kulia na kushoto. Mkubwa anachungulia kwenye bampa ya daladala, anarudi. Anachungulia tena, anarudi. Mara ya tatu wanakimbia. Nilikuwa ng'ambo, simu mkononi, nikihesabu: tangu mguu wa kwanza ukanyage lami hadi wa mwisho utoke zilipita sekunde tano. Lori lilipita nyuma yao kabla sijashusha simu.

Barabara kama hiyo zimejaa pembezoni mwa Dar es Salaam: Goba, Madale, Kinyerezi, Segerea, Chamazi, Toangoma. Zilianza kama njia za vumbi, zikatiwa lami, watu wakajenga, maduka yakasogea mbele, na leo zinabeba magari ambayo hakuna aliyeyatarajia. Ajali ikitokea, kilio cha wakazi ni kimoja: "Tunataka tuta!" Tuta huja au lisije, na likija, mara nyingi linakaa mita mia kutoka mahali watu wanapovukia. Mwongozo huu ni kwa kamati ya mtaa, walimu, wazazi na mkazi yeyote anayetaka kwenda kwa wahusika na mpango mkononi. Msimamo wangu nausema mapema: barabara ya mtaani ipangwe kuanzia kwa anayevuka kwa miguu, afuate anayesubiri daladala, gari lije mwisho. Ukianza na gari utapata barabara pana na ya haraka, na wale watoto wawili watakuwa na lami ndefu zaidi ya kukimbilia.

Hatua ya kwanza: jua barabara ni ya nani

Hapa ndipo barua nyingi hupotelea. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za wilaya, yaani zile za mijini na vijijini zinazoingia mitaani, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017 chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Lami haikuambii chochote: kuna barabara za lami za TARURA, na kuna barabara zinazopita katikati ya makazi ambazo ni za mkoa, hivyo ni za TANROADS. Nenda kwa mtendaji wa kata au ofisi ya TARURA ya wilaya, uliza jina rasmi la barabara na daraja lake, uandike.

Uliza pia mipaka ya hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ni mita 60, yaani mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati. Wenyeji wa Dar wanaijua hesabu hiyo kwa alama ya X nyekundu iliyochorwa ukutani. Jambo hili lina maana kwenye mpango wenu, kwa sababu njia ya miguu, kituo cha daladala na mtaro vyote vinahitaji nafasi. Ikiwa nafasi ipo ndani ya hifadhi, mara nyingi hakuna wa kulipwa fidia na kazi inaweza kuanza mapema. Ikiwa haipo, mradi utachelewa, na ni afadhali mlijue hilo kabla ya kuwaahidi watu.

Hatua ya pili: kaeni barabarani, muhesabu

Tafuteni watu sita, karatasi na kalamu, mgawane zamu. Siku mbili za kazi na Jumamosi moja zinatosha. Asubuhi anzeni saa kumi na mbili hadi saa mbili na nusu, jioni saa kumi hadi saa moja na nusu. Hesabuni kwa vipande vya dakika 15: magari madogo, daladala, malori, bajaji, bodaboda. Kisha, na hapa watu wengi huzembea, hesabuni waenda kwa miguu: wangapi wanavuka, wanavukia wapi hasa, wangapi ni watoto, wangapi wana mzigo kichwani.

Mahali watu wanapovuka hapachaguliwi na mhandisi. Panachaguliwa na geti la shule, kituo cha daladala, kioski cha maji, msikiti, kanisa, soko. Ukitazama kwa saa moja utaona njia ambayo miguu imeichora kwenye vumbi la pembeni, na zebra inapaswa kuangukia hapo hapo. Zebra ikiwekwa mita 80 mbele kwa sababu mchoro unapendeza, watu wataendelea kuvukia pale pale pa zamani.

Ongeeni na wanaoshinda barabarani. Mama lishe wa kituoni anajua mambo ambayo hayamo kwenye faili lolote. Mmoja nilimsalimia shikamoo, nikamuuliza ajali hutokea saa ngapi. Akanijibu bila kuacha kukanda unga: "Mwanangu, hapa ni usiku, Ijumaa na Jumamosi. Taa ile pale ilikufa tangu masika." Sentensi hizo mbili zilitupa siku, saa na sababu.

Hatua ya tatu: pima kasi kwa sekunde

Hamhitaji mashine ya trafiki. Chukueni tepu, pimeni mita 50 kando ya barabara, wekeni alama mbili za chokaa. Simameni mbali kidogo, nyuma ya mti au kibanda, ili dereva asiwaone akapunguza mwendo. Gari likifika alama ya kwanza bonyeza saa ya simu, likifika ya pili bonyeza tena. Kisha gawanya 180 kwa sekunde ulizopata, na jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni km 30. Sekunde 4.5 ni km 40. Sekunde 3.6 ni km 50, ambayo ndiyo ukomo wa kisheria kwenye maeneo ya makazi. Sekunde 3 ni km 60. Likipita kwa sekunde 2 na robo, hilo lina km 80.

Pimeni magari 100, tena wakati barabara iko wazi: saa nne hadi saa sita mchana, na usiku baada ya saa tatu. Wengi hupima asubuhi kwenye foleni, wakaondoka wakidhani barabara ni ya polepole. Foleni huificha kasi. Mkishapata namba 100, zipangeni kutoka ndogo hadi kubwa na mtazame ya 85. Hiyo ndiyo kasi ambayo wahandisi huitumia kupanga barabara, na mkiitaja ofisini mazungumzo yatabadilika.

Kwa nini kasi ipewe uzito wote huu? Gari la km 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye makini huchukua walau sekunde moja kati ya kumwona mtoto na kukanyaga breki. Kwenye lami kavu na matairi mazuri, gari hilo litahitaji karibu mita 28 kusimama. La km 30 litahitaji karibu mita 13. Sasa mtoto achomoke mbele ya daladala, mita 20 kutoka kwenye bampa la gari. Gari la km 30 linasimama na dereva anabaki kutetemeka tu. La km 50 linamfikia likiwa bado na karibu km 40 kwa saa. Dereva ni yule yule, breki ni zile zile, na mtoto ni yule yule.

Fanyeni na hesabu ya kuvuka. Mtu mzee au mtoto hutembea takriban mita 1 kwa sekunde. Barabara ya njia mbili yenye upana wa mita 7 itamchukua sekunde 7. Gari la km 60 litakuwa limekwenda zaidi ya mita 115 katika sekunde hizo. Maana yake, anayevuka lazima aone mita 115 kila upande bila kuzuiwa na kona, lori lililoegeshwa wala kibanda cha chipsi. Simama pale anaposimama mtoto, chuchumaa hadi macho yako yawe sawa na yake, utazame. Mimi nilipochuchumaa niliona tairi la daladala na pipa la takataka, basi.

Hatua ya nne: ramani ya ajali

Chukueni karatasi kubwa ya manila, mchore barabara nzima na kila kitu kilicho kandokando. Kila ajali mnayoweza kuithibitisha wekeni nukta nyekundu, pamoja na mwezi na saa. Kwa zile zilizoponewa chupuchupu wekeni nukta ya njano. Kituo cha polisi kina kumbukumbu, kwa kuwa ndicho kinachotoa fomu ya PF3 kwa majeruhi, na barua ya serikali ya mtaa inaweza kuwafungulia mlango wa kupata idadi na mahali. Majina ya watu msiyaandike, hayahitajiki. Nukta zikirundikana sehemu mbili au tatu, hapo ndipo pa kuanzia. Fedha hazitatosha barabara nzima, msijidanganye.

Hatua ya tano: chagua dawa inayolingana na ugonjwa

Anzeni na tuta, kwa kuwa ndilo linaloombwa sana. Tuta zuri ni pana na la mviringo: mita 3.7 kwa urefu wa kulivuka, kimo kisichozidi sentimita 10. Linampunguza mwendo dereva bila kuvunja gari. Tuta jembamba lenye kimo kikubwa, lile la kokoto na saruji lililomwagwa usiku na vijana wenye hasira, ni mtego kwa bodaboda, bajaji na gari la wagonjwa. Naielewa hasira hiyo, hasa baada ya mazishi. Lakini msijenge tuta wenyewe. Ni kosa kisheria, na wa kwanza kuanguka mara nyingi ni kijana wa mtaani kwenu mwenye abiria nyuma.

Rasta, ile mistari myembamba inayotikisa gari, humwamsha dereva tu, haimsimamishi. Zitumieni kabla ya tuta au kabla ya shule, na msiziweke chini ya dirisha la nyumba ya mtu, kelele zake hazilali.

Kama ningeruhusiwa kuomba kitu kimoja tu, ningeomba kivuko kilichoinuliwa: tuta pana lenye mgongo bapa, zebra ikiwa imechorwa juu yake. Zebra iliyochorwa kwenye lami tambarare hutegemea huruma ya dereva, na rangi yake hufifia. Iliyoinuliwa hupunguza kasi pale pale mtu anapovuka, na mtu huonekana kwa sababu yuko juu kidogo. Mkumbushe mhandisi kuhusu maji: kila kitu kinachoinuka barabarani huzuia maji, na kwa masika yetu ya Machi hadi Mei bwawa la pembeni litawasukuma watu watembee katikati ya lami.

Hapa Dar es Salaam tuna mfano wa karibu. Shirika la Amend, kupitia mpango wake wa SARSAI, limekuwa likitengeneza mazingira ya shule za msingi kwa vitu vidogo: njia za miguu, matuta, zebra, nguzo za kuzuia magari yasipande kwenye njia ya miguu, hata kuhamisha geti la shule litazame barabara tulivu zaidi. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Hakuna daraja la juu wala mashine ya gharama katika orodha hiyo. Geti la shule kuhamia upande wa pili ni kazi ya fundi na mabati, na linaweza kuondoa mamia ya mivuko kwa siku.

Njia ya miguu idaiwe kila mara, pande zote mbili. Mara nyingi jibu la haraka ni mtaro wenye mifuniko ya zege inayokanyagika. Ni jibu zuri, mradi mifuniko ikivunjika irudishwe. Wekeni nguzo fupi mwanzoni, la sivyo bodaboda watahamia humo ndani ya wiki moja.

Kituo cha daladala kinahitaji macho yenu zaidi ya kitu kingine chochote baada ya kivuko, kwa sababu kinagusa usalama na foleni kwa pamoja. Daladala ikisimama kwenye njia, nyuma yake kila kitu kinasimama, na bodaboda wanaanza kuipita upande wa magari yanayokuja. Kituo kiingie pembeni, kiwe na urefu wa kutosha daladala mbili au tatu, na kikae mbele ya zebra kwa uelekeo wa gari, yaani daladala ipite zebra kwanza ndipo isimame, ili abiria akishuka avuke nyuma ya daladala na si mbele yake. Vituo viwili vya pande mbili visitazamane. Vikitazamana, barabara inazibwa na watu wanavuka kati ya mabati. Njia na leseni za daladala ziko kwa LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kwa hiyo nakala ya mapendekezo iwafikie nao.

Kijiwe cha bodaboda na meza za machinga msiviandikie "viondolewe" kisha mkaendelea na mengine. Vitarudi. Viko pale kwa sababu abiria wapo pale. Tafuteni mita 30 nje ya kona, zisizoziba macho ya anayevuka, wapeni nafasi iliyochorwa. Viongozi wa kijiwe wakikubali, wao wenyewe watasimamia.

Kuhusu foleni, nitakuwa mfupi: tazameni makutano kwanza. Barabara ya mtaani hubanwa pale inapokutana na barabara kubwa, na magari machache yanayokunja kulia yanaweza kushikilia msururu mzima. Kuzuia kukunja kulia saa za asubuhi, kuongeza njia fupi ya wanaokunja, au kujenga kipilefti kidogo kunaweza kufungua zaidi ya kupanua kilomita mbili za lami. Kupanua kuna bei yake. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha ilipanuliwa kufikia njia nane. Kwa njia za mita 3.5 kila moja, hizo ni mita 28 za lami kwa mwenda kwa miguu. Kwa barabara kuu ya kutoka jijini hilo lina sababu zake. Kwa barabara ya kwenda shule, kila njia mnayoongeza iandamane na kisiwa cha katikati, mtu avuke nusu, apumzike, avuke nusu iliyobaki.

Taa: hesabuni nguzo, mwandike zipi zinawaka. Ni kazi ya usiku mmoja.

Hatua ya sita: mkutano wa mtaa

Mwombeni mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano, mbandike manila yenu ukutani. Waelezeni watu mlichokiona kabla ya kuwaambia mnachotaka. Kutakuwa na ubishi, hasa mwenye duka akisikia nguzo zitakaa mbele ya mlango wake, au mwenye gari akisikia matuta. Wasikilizeni. Mara nyingine yule mwenye duka ana hoja: lori la mzigo wake litasimama wapi? Pangeni saa za kushusha mizigo, msimpuuze. Hakikisheni wanafunzi, wazee na watu wenye ulemavu wanasikika. Kijana mmoja wa baiskeli ya matairi matatu alitufundisha kwamba zebra bila mteremko kwenye ukingo kwake ni ukuta. Maamuzi yaandikwe kwenye muhtasari, usainiwe na kugongwa muhuri.

Hatua ya saba: barua ifike kabla ya bajeti

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango hupikwa miezi mingi kabla. Barua inayofika Mei, wakati Bunge linajadili bajeti, imechelewa mwaka mzima. Lengeni iwe imepita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na kumfikia meneja wa TARURA wa wilaya, au wa TANROADS mkoa kama barabara ni yao, kabla ya Desemba. Nakala ziende kwa diwani, mkurugenzi wa halmashauri, na mkuu wa usalama barabarani wa wilaya. Mambo ya barabara hujadiliwa pia kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, kwa hiyo muulizeni diwani au mbunge kama hoja yenu itafikishwa huko.

Barua iwe ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza: jina la barabara, kasi ya gari la 85, idadi ya wanaovuka kwa saa, nukta nyekundu ngapi na wapi. Wa pili: mambo matatu mnayoomba, kwa mpangilio wa umuhimu, na lipi linaweza kufanyika mwaka huu kwa fedha za matengenezo, kama vile rangi ya zebra, alama za km 30 jirani na shule na kufyeka majani yaliyoziba kona. Ambatisheni muhtasari na picha. Barua ikipokelewa, dai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Kuna ofisi moja iliyotuambia barua yetu "haionekani" miezi mitano baadaye. Nakala yenye muhuri ndiyo iliyoirudisha mezani. Kisha ombeni mhandisi aje, mtembee naye barabara nzima kwa miguu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Hatua ya nane: wakati wa kazi na baada yake

Ujenzi una hatari zake. Ulizeni mapema watoto watapita wapi mashimo yakiwa wazi, na usiku nani anawasha taa za tahadhari. Kama kazi itaangukia masika au vuli, mtaro uchimbwe kwanza, lami ifuate.

Kazi ikiisha, rudini pale pale kwenye alama za chokaa, saa zile zile, mpime magari 100 mengine. Rudieni baada ya mwezi mmoja, kisha baada ya mvua. Kwetu sisi, tuta la kwanza lilishusha mwendo vizuri, lakini vipimo vya mara ya pili vilionyesha madereva wanakanyaga mafuta mara tu wakilipita, na kasi mbele ya zahanati ilikuwa imepanda. Tuliandika barua nyingine, tukaambatisha namba zote mbili, tukaomba kivuko kilichoinuliwa pale zahanati. Daftari la vipimo linakaa ofisi ya mtaa, kwenye kabati la chini, na kila baada ya masika linafunguliwa ukurasa mpya.